Anayemnywesha Mtoto Aonje Kwanza

Siku mliyoniaga nilipostaafu, yule binti mpya wa jikoni alifungua soda moja, akaimimina kwenye glasi mbili, akanywa funda moja la glasi yake, ndipo akanikabidhi yangu. Wageni waliotoka mjini walitazamana. Waliona binti hana adabu, kumtangulia mzee kunywa katika sherehe yake mwenyewe. Ninyi wa kituoni hamkushangaa, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya kazi. Baadaye mmoja wenu aliniuliza desturi hiyo ilianzaje, nami nikagundua kwamba waliokuwepo ilipoanza wamebaki wachache. Mimi ndiye ninayeikumbuka vizuri zaidi, maana kosa lilikuwa langu.

Basi naandika. Vyeo sitavigusa, nilikuwa na kimoja tu miaka yote, mhudumu, na habari za mshahara wa mhudumu zinakwisha kabla ya mwezi. Nitaandika juu ya uji, vikombe na watu walionifundisha kazi.

Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Malori ya tumbaku yalikuwa yakipita mbele ya shule, na siku moja nikataka kujua yanakwenda wapi. Nikawa tingo, msaidizi wa dereva, kwa miaka miwili, nikajua. Kutoka hapo nikaenda Mbinga kuchuma kahawa, nikakaa mpaka nilipoelewa mashine inavyoivua tunda lake jekundu. Nikauza mitumba, nikachoma matofali, nikachunga ng'ombe wa bwana shamba mmoja ambaye mwenyewe aliwaogopa. Kila mahali nilikaa mpaka maswali yangu yakaisha, kisha nikaondoka. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba amezaa mgeni.

Kazi niliyoishika muda mrefu kidogo ilikuwa ufundi bati, pale sokoni Songea. Tulitengeneza ndoo, makarai, koroboi na vikombe vya makopo. Fundi wangu alikuwa mzee wa maneno machache, na neno alilolipenda lilikuwa "ukingo". Alisema ubaya wa chombo chochote uko ukingoni. Usipoukunja vizuri utamkata mtu, na aliyekatwa mdomo hatakumbuka kwamba kikombe chako hakivuji. Nilidhani ananifundisha bati tu.

Kituoni nilifika kuziba masufuria. Wakati huo kilikuwa na wodi moja, jiko la kuni nyuma yake, na baraza walikokaa akina mama na watoto waliokonda. Niliagizwa nitie vitako sufuria tatu kisha niende zangu. Lakini barazani kulikuwa na mizani imetundikwa kwenye boriti, na watoto walikuwa wakivalishwa suruali ya turubai na kuning'inizwa mmoja mmoja, wakilia na kupiga mateke hewani. Niliweka nyundo chini, nikaenda kuuliza sindano ya mizani inasomwaje wakati mtoto anarukaruka namna ile. Muuguzi aliyekuwa akiandika kwenye kadi, mama mrefu wa Kingoni mwenye miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja, hakugeuka hata kunitazama.

"Kwa mtu aliyekuja kuziba sufuria unauliza sana," alisema. "Shika huyu."

Akaniwekea mtoto mikononi. Nilimshika kama nilivyozoea kushika karai la makaa, mbali na mwili. Mama Skolastika, ndilo lililokuwa jina lake, alinitazama safari hiyo, akaniambia mtoto haunguzi. Masufuria niliyamaliza baada ya siku tatu. Maswali sikuyamaliza, na miaka thelathini na kitu ikapita.

Akina mama walinipa jina wiki ile ile: mwanamume wa uji. Wengine walificha nyuso kwenye khanga wakinicheka nilipopita na jagi. Sikujali. Nilikuwa nimekwisha kuchekwa Mbinga, sokoni, na hata na ng'ombe.

Mama Skolastika alinifundisha kazi kama fundi wangu wa bati, kwa kunyamaza na kunisahihisha mkono. Uji wa ulezi usiwe mzito wa kubandika wala mwepesi wa kukimbia. Joto lake lijaribiwe kwa mgongo wa mkono. Mtoto akae wima. Kikombe kiinamishwe mpaka uji uguse mdomo wa chini, hapo usimame, umwache mwenyewe avute. Anayemimina, alisema, anajaza mtungi, halishi mtoto.

Vikombe tulikuwa navyo sita, vile vyeupe vya bati vyenye ukingo wa buluu. Vilifanya kazi zote. Asubuhi niliponda klorokwini, dawa ya malaria, kwa kijiko, nikaikoroga humo na sukari kidogo, na mtoto akishikwa mikono na mama yake nikamnywesha. Kisha niliviosha kwa sabuni, nikavichemsha, na saa nne nikavijaza uji. Nilijivunia usafi wake. Ningeweza kumlaza kifaranga ndani ya kikombe kile.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, na ghafla maduka ya Songea yakajaa vitu. Redio, mafuta ya nywele, maziwa ya kopo, na chupa za kunyonyea watoto, zimefungwa kwa kamba na kuning'inizwa milangoni kama kambale. Mama aliyepita na chupa mkononi alionekana amefika. Chupa yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuni za kuichemshia, maji ya kuioshea, na ile mikunjo ya ndani ya chuchu ya mpira ambako maziwa ya jana yalijificha. Nilikuwa nazipasua chuchu kuukuu kwa wembe ili nione ndani. Mkitaka mama aelewe, msimhubirie. Mpasulieni chuchu moja, anuse.

Shaibu aliletwa kwetu mara tatu katika mwaka mmoja, mara zote akiwa na homa na amekauka kwa kuharisha, macho yamezama. Safari ya tatu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mama yake, Zuhura, binti wa Tunduru, alipanga chumba Ruhuwiko, mtaa mmoja na mimi, na aliuza mitumba sokoni. Kwa sababu ya biashara alimwacha mtoto kwa jirani na chupa. Tundu la chuchu lilikuwa limepanuliwa kwa sindano ya moto ili uji upite. Shaibu hakujua chombo kingine. Maji, maziwa, uji, vyote alivijua kwa umbo la chuchu ile.

Alipoanza kupata nafuu, Zuhura alikuja na barua iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu, mkoa mwingine, na chuo hakipokei mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ameiomba nafasi hiyo mara mbili kabla. Akamwita mama yake kutoka Namasakata aje amchukue mjukuu.

Bibi Hadija alifika akiwa na kikapu, mkeka na jogoo mmoja ambaye alikuwa zawadi ya wodi. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaniuliza mimi ni daktari wa namna gani ninayenuka moshi. Kisha akamkagua mjukuu wake kichwa mpaka nyayo, akaikagua na chupa, akaifungua, akanusa ndani, akaifunga.

"Mtoto nitamchukua," alimwambia binti yake. "Hii siichukui."

Zuhura alijaribu kumweleza kwamba mtoto hali kitu bila chupa. Bibi akasema ndiyo maana haichukui. Alitueleza bila kupandisha sauti kwamba kwake maji yanatoka kwenye kisima cha mchanga, kwamba yeye hushinda shambani, na kwamba mtoto wa jirani yake alirudishwa kijijini na chupa kama hiyo kiangazi kilichopita na hakumaliza miezi miwili. Hospitali yao ni Mbesa, na kufika Mbesa mvua zikianza ni kudra ya Mungu. Lori la mfanyabiashara aliyempa lifti lingerudi Tunduru Jumamosi ya wiki iliyofuata, kabla barabara haijafunga. Mtoto akiwa anakunywa kwa kikombe, atapanda naye. Akiwa bado wa chupa, atabaki na mama yake.

"Basi nitabaki," Zuhura alisema. "Chuo kitakuwepo mwaka ujao."

"Chuo kitakuwepo," mama yake alisema. "Nafasi yako atakuwa amekalia mtu."

Tulikuwa na siku tisa. Mama Skolastika alinitazama juu ya miwani yake, akasema kwa kuwa napenda sana kujua mambo, nijue na hili.

Nilianza kwa kujiamini. Asubuhi ya kwanza nilimkalisha Shaibu wima, nikajaza kikombe cheupe nusu, nikampelekea. Alikitazama kikombe, akafunga mdomo, akageuza kichwa mpaka nikadhani shingo itakatika. Nilipokizungusha upande wa pili, naye akazunguka. Nilipokigusisha mdomo wake akakipiga kofi, na uji ukaniogesha mpaka kwenye sikio. Akina mama walifurahi sana siku hiyo. Bibi Hadija alikaa pembeni akisuka ukindu, akasema mjukuu wake hana neno, anamjibu tu mwanamume wa uji kwa lugha ya uji.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Chupa tulikuwa tumeifungia kabatini. Alikubali maji kidogo kwa kijiko kutoka kwa mama yake, basi. Siku ya tatu tulipompima, mizani ilikuwa imeshuka. Mama Skolastika alisema hawezi kumwua mtoto kwa ajili ya kumponya, mrudishieni chupa. Zuhura alimnywesha huku machozi yakimtoka, na Shaibu alinyonya akinitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo sikumwomba mtu ushauri. Ninyi nyote mnajua jinsi mama zetu walivyotuachisha ziwa. Shubiri. Unapasua jani la mshubiri, unapaka utomvu kwenye titi, mtoto anaonja mara moja, habari inakwisha. Nikafikiri kilichofaa titi kitafaa mpira. Siku ya nne asubuhi nikaipaka ile chuchu shubiri, nikampelekea Shaibu chupa kwa mkono wangu mwenyewe, nikitabasamu. Nilikuwa nimeweka kikombe tayari pembeni, nikitegemea atakikimbilia.

Alivuta mara moja. Uso wake ulikunjamana wote, akanitazama, na mtazamo ule sijausahau. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kama anayeandika jina langu mahali. Kisha akalia mpaka akatapika. Baada ya saa moja njaa ilimshinda, akaikamata ile ile chupa, akanyonya shubiri yote mpaka ikaisha, akaendelea na uji. Chupa alikuwa ameisamehe. Mimi hakunisamehe. Tangu hapo nikiingia wodini tu, hata mikono mitupu, alijificha kifuani kwa bibi yake.

Mama Skolastika alinisemesha jikoni, faragha, nami nashukuru kwamba ilikuwa faragha. Aliniambia titi likiwa chungu mtoto bado ana mama aliye mtamu. Mtoto huyu mama yake anaondoka, na mimi nimemtilia uchungu katika kitu cha mwisho alichokijua. Kwa mara ya kwanza tangu nije pale nilifikiria malori.

Sikuondoka, na sababu ni ndogo. Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nikichochea kuni, nikamwona Shaibu ametambaa mpaka kwenye ndoo ya kunawia mikono nje ya jiko. Juu yake kulikuwa na kopo la kuchotea, kopo tupu la siagi. Akalishika kwa mikono miwili, akachota, akalipeleka mdomoni, akanywa. Maji mengine yalimwagika tumboni, lakini mengine yalishuka kooni, niliona koo likicheza. Akachota tena. Nilibaki na ukuni mkononi. Mtoto alijua kunywa. Huenda alijua siku zote.

Nilimbeba, akapiga kelele, nikamkabidhi bibi yake nikakimbia kumwambia Mama Skolastika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uji unampa kwa chombo gani?"

"Kikombe. Hiki cheupe."

"Na klorokwini?"

Nilikuwa nimekishika mkononi, safi, kimechemshwa, kinang'aa. Mtoto aliyelazwa mara tatu, mara tatu akishikwa mikono na kumiminiwa uchungu kutoka kwenye chombo cheupe chenye ukingo wa buluu. Sisi tulisema ni mbishi. Yeye alikuwa akikumbuka. Mama Skolastika alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema kosa hili si langu peke yangu, ni letu, maana yeye naye amekuwa akivitumia vikombe hivyo kwa miaka kumi na hakuwahi kufikiri.

Jioni hiyo nilikwenda sokoni kwa fundi wangu wa zamani. Nilichukua makopo mawili ya maziwa kutoka kituoni, yanayolingana. Fundi hakuniuliza nimepotelea wapi miezi yote ile. Alinisogezea mkasi wa bati na kipande cha waya. Nilikata makopo yakawa mafupi, urefu wa vidole vinne, nikakunja ukingo juu ya waya, nikausugua kwa jiwe mpaka ulimi wangu haukupata pa kukwaruzika. Mkono wa kushikia niliupigilia misumari ya ribiti. Risasi ya kuungia bati sikutia, si kwa sababu nilijua madhara yake siku hizo, ila kwa sababu fundi hakutaka kuiyeyusha kwa kazi ndogo. Mungu ana njia nyingi za kuwalinda watoto, na uvivu wa mafundi ni mojawapo. Kikombe kimoja kilikuwa cha Shaibu. Cha pili nilikitengeneza kwa mazoea tu, maana bati lilibaki.

Siku ya sita nilikwenda na kikombe kipya, na uji mzuri kuliko wote niliowahi kupika. Alikitazama kikombe kwa hamu. Mkono wake ulinyooka. Kisha macho yakapanda kutoka kwenye kikombe mpaka usoni kwangu, mkono ukarudi, mdomo ukafungwa. Zuhura alijaribu, lakini alikuwa na haraka ya machozi, na mtoto alihisi mtego. Akakataa kwake pia. Zuhura alikaa chini sakafuni akaikunjua ile barua, akaisoma tena, akasema ataandika kukataa nafasi, afadhali wajue mapema.

Bibi Hadija aliweka ukindu wake chini.

"Wewe," aliniambia, "umetembea kwingi, nasikia. Umewahi kukaribishwa kinywaji?"

Nilimwambia nimekaribishwa sana, komoni, togwa, ulanzi, kila mahali na cha kwao.

"Anayekukaribisha hufanya nini kwanza?"

"Huonja."

"Kwa nini?"

Kila mtu wa huku anajua kwa nini. Mwenye nyumba huchota, hunywa funda moja mbele ya mgeni, ndipo humpa, ili mgeni ajue chombo kina kinywaji na si kitu kingine. Mimi mwenyewe nimewahi kuacha kata ya togwa ya kijiji kimoja kwa sababu aliyenipa hakuonja, nikaondoka na kiu yangu.

"Mjukuu wangu ulimpa shubiri kwa mkono wako, unacheka," Bibi Hadija alisema. "Leo unamletea kikombe, hukuonja, unataka anywe. Hata mimi nisingekunywa. Kwani yeye si mtu?"

Nilitaka kuonja palepale kwenye kikombe cha mtoto, Mama Skolastika akanishika mkono. Mate yangu na uji wa mgonjwa havitakutana wodini kwake, alisema, desturi au si desturi. Bibi Hadija naye hakukubali nionje pembeni kwa kijiko, kwa sababu alitaka mtoto aone uji unatoka chombo kimoja. Waliongea wanawake hao wawili, mmoja na msalaba shingoni na mwingine na tasbihi kiunoni, kwa heshima kubwa na bila kusogea hata inchi moja. Ndipo nilipokumbuka kikombe cha pili. Nilikwenda kukileta, kinafanana na cha kwanza kama pacha. Nikamimina vyote viwili kutoka jagi moja mbele ya Shaibu. Wote wawili wakaridhika, kila mmoja akidhani ameshinda.

Nilikaa chini sakafuni, si mbele yake, kando. Nikanywa funda. Nikafuta mdomo. Kikombe chake nikakiweka kwenye mkeka kati yetu, sikumpelekea. Nikanywa funda la pili. Sikumtazama. Kutomtazama kulikuwa kazi ngumu kuliko kukunja ukingo, mimi ambaye nataka kuona kila kitu. Nikanywa la tatu, na uji wangu ulikuwa karibu kuisha, nikaanza kuwaza nitafanyaje ukiisha.

Nikasikia bati likikwaruza sakafu. Alikuwa amekivuta kikombe. Alichungulia ndani. Akachungulia changu. Akainua chake kwa mikono miwili, kama lile kopo la kunawia, akagusisha mdomo, akakitoa haraka, akangoja kuona kama uchungu utakuja. Haukuja. Akarudi tena.

Hakumaliza. Alikunywa nusu, nusu nyingine akaimwaga kwenye mkeka wa bibi yake akaipaka kwa kiganja. Hakuna aliyemkataza. Zuhura alikuwa amejifunika uso kwa ile barua.

Msidhani yaliisha hapo. Siku ya saba asubuhi alikunywa, mchana akataka chupa, akalia saa nzima. Usingizi wa mchana bila chupa ulikuwa vita, na aliyeishinda ni Bibi Hadija kwa kumbeba mgongoni na kutembea barazani akimwimbia Kiyao. Siku ya nane alikunywa mara nne. Mizani ilipanda kidogo. Mama Skolastika aliandika kwenye kadi, akaitazama alama aliyoiweka, akaongeza nukta juu yake ili ikolee. Vikombe vyeupe tangu siku hiyo vikawa vya dawa peke yake, na vya uji vikawa vya makopo, na kitu kichungu hatukukitia tena kwenye chakula cha mtoto yeyote.

Jumamosi nilikwenda nao mpaka lilipokuwa lori. Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa milima ya Matogoro. Zuhura alipanda kumweka mtoto kwenye mapaja ya bibi yake, nyuma ya kiti cha dereva, akashuka, akapanda tena, akashuka. Chupa alikuwa amenipa mimi niitupe. Nilikuwa nimewapelekea uji kwenye chupa ya chai, na vikombe vyote viwili, waende navyo. Dereva alishawasha injini. Nikamimina haraka, nikamkabidhi Shaibu chake kupitia mlangoni, nikiwa na wasiwasi wa safari, wa mvua, wa Zuhura aliyesimama nyuma yangu bila sauti.

Shaibu hakunywa. Alikishika kikombe, akanitazama. Nikaona siku tisa zote zinamwagika pale mlangoni, na Zuhura anamshusha mtoto.

Kisha akanisogezea kikombe mdomoni.

Nilikuwa nimesahau kuonja. Bibi Hadija alianza kucheka, mabega yakitetemeka, akasema mjukuu wake amelelewa. Mama Skolastika hakuwepo, kwa hiyo nilikunywa funda moja kutoka kikombe kile kile. Shaibu alikichukua, akakiinamisha, akanywa mpaka mwisho, uji ukimtiririka kidevuni. Lori likaondoka. Zuhura alilitazama mpaka lilipopinda, akajifunga khanga upya, akaniuliza basi la kwenda chuoni kwake linaondokea wapi.

Chupa sikuitupa. Ilikuwa na mistari mizuri ya vipimo, nikaitumia kupimia mafuta ya kutia kwenye uji, na Mama Skolastika alisema hatimaye imepata kazi inayoiweza. Yeye alistaafu, akarudi kwao, na miwani yake ya uzi bado naiona kila ninapokosea. Watoto wengine wamepita, mamia, na wengine kati yao walikataa hata vikombe viwili na jagi moja. Msije mkawaambia akina mama kwamba dawa ipo. Hakuna dawa. Kuna kukaa sakafuni, kuonja, na kungoja bila kutazama. Vikombe viko rafu ya pili, kushoto. Vikianza kushika kutu msivitumie, tengenezeni vingine, na ukingo muujaribu kwa ulimi wenu ninyi, si wa mtoto.

Mwaka uliofuata yule dereva alipita kituoni na mfuko wa korosho na salamu kutoka Namasakata. Alisimama mlangoni mwa jiko akazisema kama alivyotumwa, bila kupunguza neno. Mtoto mzima, hajaharisha tangu afike. Mama yake amefaulu mwaka wa kwanza. Ila Bibi Hadija analalamika kwamba mwanamume wa uji amemharibia nyumba: Shaibu sasa anatumwa kuwapelekea wageni maji, na kila kikombe anakionja kwanza, funda kubwa, na wageni wa Namasakata siku hizi wanapewa nusu.

Nilimimina vikombe viwili vya chai kutoka birika moja, nikanywa changu, nikampa dereva chake. Alikunywa bila kuuliza.